Gupi wanahema juu ya maji, samaki wa dhahabu ana vidoa vyeupe: nianze na dawa gani?

Swali: Nina tangi la lita 60 nililolianzisha wiki tatu zilizopita. Niliweka gupi sita na samaki wa dhahabu wawili siku hiyohiyo. Gupi wawili wamekufa ndani ya siku nne. Alipokufa wa kwanza nilimwaga maji yote, nikaosha changarawe na sponji ya kichujio kwa maji ya bomba. Sasa gupi waliobaki wanahema juu ya maji, hasa asubuhi, na samaki mmoja wa dhahabu ana vidoa vyeupe. Nimeuziwa dawa ya bluu, nimeshatia vifuniko viwili. Nitajuaje ni ugonjwa gani, na nitawezaje kuutambua mapema siku nyingine?

Jibu: Pole kwa hao wawili. Usitie tena dawa ya bluu mpaka utakapokuwa umepima maji. Kwa maelezo yako naona mambo mawili tofauti yametokea kwa wakati mmoja: maji yanawaumiza gupi, na samaki wa dhahabu ama ana vimelea ama haumwi kabisa. Nitaeleza yote mawili, lakini nianze na kazi ya leo, kwa sababu gupi anayehema juu ya maji hawezi kusubiri maelezo marefu.

Leo badilisha nusu ya maji. Maji mapya yasitofautiane na ya tangini kwa zaidi ya nyuzi mbili za joto, na yawe yameondolewa klorini. Klorini yenyewe hutoka ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24, lakini sehemu nyingi hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kwa kusubiri. Kwa kuwa leo huna saa 24, tumia dawa ya kusafishia maji ya bomba, ile ambayo lebo yake inataja klorini, kloramini na amonia zote. Inafanya kazi ndani ya dakika chache. Ongeza hewa: washa pampu ya mapovu, au ukiwa huna, punguza maji kidogo ili yale yanayotoka kwenye kichujio yaanguke kutoka juu na kuutikisa uso wa maji. Usiwalishe kwa siku mbili. Samaki mzima anaweza kukaa siku hizo bila chakula bila kudhurika, na kila punje unayoiacha kuwapa ni uchafu usioingia majini.

Kisha tia chumvi, gramu 1 kwa kila lita ya maji. Tumia chumvi tupu isiyo na viungo vingine, iyeyushe kwanza kwenye chombo pembeni, uimimine taratibu kwa muda wa saa moja hivi. Gupi na samaki wa dhahabu wote wawili wanaivumilia chumvi vizuri, hapo una bahati. Kabla ya kupima chumvi, kokotoa maji uliyonayo kweli: urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi linaloitwa la lita 60, likishawekwa changarawe na kupungukiwa maji juu, mara nyingi lina lita 50 tu. Kosa hilo la moja ya sita halina madhara makubwa kwa chumvi, ila kwa dawa kali linaweza kuua.

Sasa sababu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na kwenye uchafu wake, na chakula kilichooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wanaishi wamegandama kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kuta. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha. Wewe uliweka samaki wanane siku ya kwanza, wawili wao wakiwa samaki wa dhahabu ambao huchafua maji kupita kiasi, halafu katikati ya safari ukaosha sponji kwa maji yenye klorini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Tangi lako lina wiki tatu kwa kalenda, lakini kwa hesabu ya bakteria limeanza upya siku ile ulipoliosha. Dawa ya bluu, ambayo kwa kawaida ni methilini ya bluu, nayo huweza kuwaua bakteria hao wa kichujio. Ndiyo maana nimekuomba uiache.

Amonia huunguza matamvua. Samaki anabaki na oksijeni majini lakini hawezi kuivuta, kwa hiyo anapanda juu ambako maji yanagusana na hewa. Nitriti inaua kwa njia nyingine: inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, na damu hugeuka rangi ya kahawia. Ukiangalia matamvua ya samaki aliyekufa kwa nitriti utayakuta yana weusi wa kahawia badala ya wekundu mbichi. Hapa ndipo chumvi inaposaidia sana: kloraidi iliyomo ndani yake inagombania mlango uleule wa kwenye matamvua na kuizuia nitriti isipite. Haiiondoi nitriti majini, lakini inakununulia siku za kurekebisha. Asubuhi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu usiku kucha hakuna mwanga: mimea haitoi oksijeni, bali inaitumia pamoja na samaki na bakteria wenyewe, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ambayo maji yana oksijeni ndogo kuliko saa nyingine zote.

Tafuta vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Vijiti vya kuchovya vingi havipimi amonia, na amonia ndiyo unayoitafuta, kwa hiyo vya matone ni bora. Amonia inatakiwa iwe 0. Nitriti iwe 0. Nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni vizuri zaidi. pH usiiache, kwa sababu ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Maji yenye joto la nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika umbo lenye sumu. pH ikifika 8, ni asilimia 5 hivi. Kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa usumbufu mdogo kwenye tangi moja na kifo kwenye jingine. Ukikuta amonia au nitriti imefika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku mpaka ishuke, na ukishafanya hivyo usiguse kichujio. Siku sponji ikiziba kweli, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, uirudishe ikiwa bado na rangi yake ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo mali yako.

Ukiniuliza ni jambo gani moja linalonisaidia kuliko dawa zote kutambua tatizo, nitakwambia ni kuhesabu: wangapi wameumwa, na kwa haraka kiasi gani. Samaki wote, wa aina tofauti, wakibadilika ndani ya saa chache au siku moja, lawama ni ya maji: amonia, nitriti, klorini, oksijeni, joto, au sumu iliyoingia kama vile dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani. Wakiumwa mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa, kuna kitu kinachoambukiza. Akiumwa mmoja peke yake wiki nzima huku wenzake wanakula na kufukuzana, tafuta sababu ndani yake: uzee, jeraha, minyoo, uvimbe, au mwenzake anayemwonea. Kanuni hii haikosi kuwa na tofauti zake, maana maji mabaya ndiyo yanayoufungulia mlango ugonjwa wa kuambukiza, lakini inakuonyesha pa kuanzia. Gupi wako wote wanahema kwa pamoja. Hilo ni la maji.

Sasa huyo mwenye vidoa. Nina swali moja kwako: vidoa viko wapi? Samaki wa dhahabu dume, akifikia wakati wa kuzaliana, huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani. Vimepangika, havisambai mwilini, na mwenyewe anakula na kumfukuza jike kwa nguvu. Samaki wengi wazima wametiwa dawa kwa sababu hiyo tu. Kama vidoa vyako viko sehemu hizo mbili pekee na samaki yuko mchangamfu, mwache.

Lakini kama vimetawanyika kwenye mkia, mgongoni na ubavuni, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya chumvi na kimeinuka kidogo, na samaki anajisugua kwenye mawe au changarawe, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Unaletwa na kimelea kinachoitwa Ichthyophthirius multifiliis, na ukiuelewa mzunguko wake utaelewa kwa nini watu wengi hudhani wamepona halafu wanashindwa. Kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi kinajilisha. Humo ndani dawa haikifikii. Kikishiba hutoka, hudondoka chini, hujifunika ganda na kujigawa. Kimoja kinaweza kutoa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni hapo tu, wanapoogelea, ndipo chumvi na dawa zinapowaua. Kwa hiyo siku ya tatu ya matibabu vidoa vikipotea mwilini, adui hajafa, ameshuka chini kuzaana. Anayesimamisha dawa siku hiyo atakutana na vidoa mara nyingi zaidi wiki inayofuata. Na kwa kuwa vimelea huanza mara nyingi kwenye matamvua, samaki anaweza kuwa anahema kabla hujaona kidoa hata kimoja.

Joto huharakisha mzunguko huo. Kwenye nyuzi 25 unakamilika ndani ya wiki moja au pungufu. Kwenye maji baridi huchukua wiki kadhaa. Kuharakisha ni faida kwako, kwa sababu vimelea vinatoka mafichoni mapema. Baada ya maji kutulia na vipimo kushuka, panda kutoka gramu 1 ya chumvi hadi gramu 2 au 3 kwa lita, kidogo kidogo ndani ya siku mbili, na upandishe joto taratibu hadi nyuzi 28, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa. Usipandishe joto kabla ya kuongeza hewa. Maji ya nyuzi 25 yakishiba hubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na matamvua ya samaki wako tayari yameungua. Endelea kwa siku 10 hadi 14, na usisimame mpaka zipite angalau siku saba tangu ulipoona kidoa cha mwisho. Kila ukibadilisha maji, nyonya uchafu wa chini, maana humo ndimo maganda yalipo. Chumvi haivukizwi na jua wala hewa: ukiongeza maji yaliyopungua kwa kukauka usiongeze chumvi, na ukitoa lita 20 rudisha chumvi ya lita 20 tu. Wanaosahau hilo hujikuta na maji ya bahari bila kukusudia.

Mimea mingi laini haitapenda chumvi ya kiwango hicho, na siku ukiwa na koridora au samaki wengine wasio na magamba ya kawaida, nusu ya kiwango hicho iwatoshe huku ukiwaangalia. Chumvi ikishindwa kuna dawa za madukani zenye malakaiti ya kijani, peke yake au pamoja na formalini. Zinafanya kazi, ila ni kali: fuata lebo kwa kiwango cha maji uliyokokotoa, toa mkaa kwenye kichujio kwa sababu unanyonya dawa, usichanganye dawa mbili, na vaa glovu.

Kuna vitu vingine vyeupe ambavyo lazima uvitenganishe na hivi, kwa kuwa tiba ya kimoja ni sumu ya kingine. Ukimulika tochi ubavuni chumba kikiwa na giza ukaona vumbi laini la rangi ya dhahabu au kutu, dogo kuliko punje ya chumvi, ni vimelea vya jamii ya Oodinium. Vinaua haraka kuliko madoa meupe, na vinatumia mwanga kama mimea, kwa hiyo tangi hufunikwa gizani wakati wa matibabu, ambayo kwa kawaida ni ya shaba. Shaba huua uduvi na konokono wote tangini.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kwa mtu mwenye gupi ni utando mweupe wa kijivu mdomoni au mgongoni, karibu na pezi la juu, umekaa kama tandiko. Wengi huuona wakasema ni ukungu. Ukungu wa kweli ni nyuzi ndefu zenye manyoya, huota kwenye kidonda au kwenye mayai yaliyokufa, na huenda polepole. Huu mwingine ni mfupi, umelala kwenye ngozi, kingo zake wakati mwingine zina wekundu au unjano, na ni bakteria, Flavobacterium columnare. Unaweza kumaliza gupi ndani ya siku moja au mbili. Joto huuchochea. Yaani lile ulilolifanya vizuri kwa madoa meupe, la kupandisha nyuzi, hapa linaua. Ukiuona, shusha joto kidogo hadi kiwango cha chini kinachofaa samaki wako, mtenge mgonjwa, badilisha maji, weka chumvi, na utafute daktari wa mifugo kwa ajili ya antibiotiki. Usitumie mabaki ya antibiotiki za binadamu zilizobaki kabatini. Hujui kipimo, unawafundisha bakteria kuzizoea, na unaua kichujio chako kwa mara ya pili.

Kwa namna ya kutambua mapema, jambo kubwa ni kumjua samaki akiwa mzima. Kila siku kabla ya kulisha, kaa mbele ya tangi dakika chache bila kugonga kioo. Wahesabu. Asiyeonekana yuko wapi? Mapezi yamefunguka au yameshikana na mwili? Kubana mapezi ndiyo dalili ya mwanzo kwa samaki wengi, hutangulia kidoa na kidonda. Kisha tazama matamvua: yanafunguka kwa kasi kuliko jana, au la kushoto linafunguka na la kulia limefungwa? Upande mmoja tu ukifanya kazi, shuku minyoo ya matamvua, ambayo tiba yake ni prazikwanteli. Mwishowe tupa chakula kidogo. Anayekimbilia chakula akakitema mara mbili tatu anaumwa mdomo, koo au tumbo. Asiyekuja kabisa anaumwa zaidi.

Tazama kinyesi pia. Chenye rangi ya chakula ni salama. Utepe mrefu mweupe unaoning'inia, kwa samaki anayekonda huku akila, huashiria vimelea vya utumbo. Nyuzi fupi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja wakati samaki ametulia ni minyoo ya Camallanus, na gupi wanaipata sana. Dawa yake ni levamisoli, inayotolewa kwa tangi zima na kurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu huua minyoo iliyokomaa wakati ile michanga bado inakuja.

Tumbo kubwa huwatisha watu bila sababu mara nyingi. Gupi jike akiwa na mimba tumbo hujaa mbele ya tundu la haja na doa jeusi huonekana hapo. Mtazame kutoka juu: magamba yakiwa yamelala, ni mimba au shibe. Magamba yakiwa yamesimama pande zote, maji yamejaa mwilini na figo zimeshindwa. Samaki aliyefika hapo hupona kwa nadra, na ni heri nikwambie hivyo mapema kuliko kukupeleka dukani kununua chupa tatu.

Samaki wa dhahabu akielea kichwa chini au ubavu juu baada ya kula, mnyime chakula siku mbili tatu, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa. Mara nyingi ni utumbo uliojaa unaokikandamiza kibofu cha hewa. Jicho moja likitokeza, huenda aligonga kitu. Yakitokeza yote mawili, rudi kwenye vipimo vya maji. Mapezi yanayochanika na kuwa na ukingo mweupe au mwekundu yanaitikia maji safi na chumvi kuliko dawa yoyote, ukiwahi kabla uozo haujafika mwilini.

Na yapo yasiyo ugonjwa. Samaki aina ya beta na gurami hupanda juu kuvuta hewa kwa maumbile yao, na koridora hupanda mara moja moja kwa kasi na kushuka. Baadhi ya samaki wa chini hulala ubavu wakipumzika. Tetra hupauka usiku, na ukiwasha taa ghafla utawakuta hawana rangi. Ngoja nusu saa.

Jambo la afya yako mwenyewe: usinyonye maji ya tangi kwa mdomo ili kuanzisha mpira, na usitumbukize mkono wenye kidonda. Kuna bakteria, Mycobacterium marinum, anayewakondesha samaki polepole na kupinda migongo yao, na kwa binadamu hutoa vinundu kwenye vidole na mikono visivyopona kwa wiki nyingi. Ukipata kinundu cha namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana asipojua atahangaika na mengine. Nawa kwa sabuni kila umalizapo, sabuni isiingie tangini.

Andaa chombo cha pembeni cha wagonjwa. Ndoo safi au tangi dogo la lita 20 lisilo na changarawe linatosha, likiwa na kipasha joto, pampu ya hewa na sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye kichujio chako kikuu. Ugonjwa wa mmoja mtibie humo. Madoa meupe na vumbi la dhahabu, hata hivyo, vitibu kwenye tangi zima, kwa kuwa vimelea vimeshatapakaa. Chombo hichohicho kitakuwa karantini: samaki mpya akae humo wiki nne kabla ya kuchanganywa, hata awe mzuri kiasi gani dukani. Maji aliyokuja nayo kwenye mfuko yasimiminwe tangini. Wavu wa karantini usitumike kwingine, na wavu wowote ukauke kabisa kati ya matumizi, kwani vimelea hivi vingi havistahimili ukavu.

Kuhusu samaki uliochagua, inabidi niseme wazi. Samaki wa dhahabu hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 22, gupi kwenye 24 hadi 26, na samaki wa dhahabu wawili wakikua watalishinda tangi la lita 60 peke yao bila gupi. Mkipita salama katika hili, watafutie samaki wa dhahabu tangi kubwa au mtu mwenye bwawa, na hao gupi wanne watakaa vizuri hapo. Usiwaachie mtoni au ziwani. Watapeleka vimelea vyao kwa samaki wasiovizoea.

Ikiwa mmoja atafika mahali pa kutopona, magamba yamesimama, hali chakula, amelala chini na anahema, usimwache akaishe kwa siku kadhaa na usimtupe chooni akiwa hai. Mafuta ya karafuu humlaza kwanza. Tia matone 8 hadi 10 kwa kila lita ya maji aliyomo samaki, ndani ya chupa yenye maji kidogo ya uvuguvugu, tikisa sana mpaka yawe meupe, umimine polepole kwenye chombo alimo. Atalegea, atalala, matamvua yatasimama. Mwache humo nusu saa zaidi baada ya matamvua kusimama, kisha mzike.

Niandikie baada ya siku mbili ukiwa na namba za amonia, nitriti na pH, joto la maji, na mahali hasa vidoa vilipo kwa samaki wa dhahabu. Piga picha moja kutoka ubavuni na moja kutoka juu, taa ikiwa imewaka na mwako wa kamera umezimwa. Kama kabla ya hapo gupi wataanza kulala chini, au utaona utando wa kijivu mdomoni mwa mmoja wao, usisubiri siku mbili: usipandishe joto, badilisha nusu ya maji tena, na uniandikie siku hiyohiyo.